Abee ya Pili

Siku ile uliponitembelea hapa kwangu mtaa wa Chemchem, Leticia, ulinikuta barazani nachagua mchele, na kabla hujapiga hodi ukanisikia nimesema, "Abee!" Ukatazama nyuma yako, ukatazama mlangoni, ukaniuliza, "Matroni, unamwitikia nani?" Nikakwambia chai inapoa. Wewe ni binti mwenye adabu, ukanywa chai. Lakini macho yako hayakutoka kwenye mlango wangu, na uliondoka kwa haraka mpaka ukasahau kitenge kwenye kiti. Kipo, nimekifua.

Umeniomba niwaandikie ninyi mnaoshika funguo za hosteli baada yangu. Mambo ya vyeo na mishahara waulizeni wanaoyapenda. Mimi nitaandika kazi, na swali lako nitalijibu humo humo. Nikilijibu peke yake utasema, maskini, Bi Zuhura amestaafu na akili nayo imestaafu.

Siku ya kwanza niliingia chuoni nimevaa baibui, binti wa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini kabisa, naomba kazi kwa Wakatoliki. Mama yangu aliniuliza asubuhi ile, "Unakwenda kulea watoto wa padri?" Nikamwambia, mama, mapadri hawana watoto. "Ndiyo hao hao," akasema, na hapo akaona ameshinda.

Aliyenipokea alikuwa Sista Konsolata, mlezi wa wanafunzi wakati huo. Mwanamke mfupi, na fungu la funguo kiunoni unalolisikia kabla hujamwona yeye. Hakuniuliza dini. Ushungi aliuona, ya nini kuuliza? Aliniuliza jambo moja tu.

"Unajua kuita?"

"Kuita nini, Sista?"

"Watu. Majina. Ita hapo nje, tuone."

Nikatoka kibarazani nikaita jina la kwanza lililonijia, la dada yangu. Mkata majani upande wa pili wa uwanja akainua kichwa. Sista akasema, "Sauti unayo. Sasa nitakufundisha masikio na macho."

Kwa wale ambao hawakuukuta utaratibu ule: kila Jumamosi mchana, vyumba vikishafagiliwa, kabla ya chakula, nilikuwa napiga kile kipande cha reli kinachoning'inia pale kwenye nguzo, wasichana wote wanatoka kibarazani na uwanjani, nami naita majina. Walilalamika sana. Chuo kikuu, matroni, tunaitwa kama watoto wa chekechea! Niliwaambia kwao mama zao wanawaita kila siku na hawafi. Na sikuwa naita kwa karatasi. Sista alinikataza. Alisema anayeita kwa karatasi huangalia karatasi, na msichana aliyetoroka kwenda mjini huitikiwa na mwenzake hivi hivi unasikia. "Sikia, kisha tazama," alisema. "Sauti ni nusu ya mtu. Nusu nyingine uione mdomoni mwake." Hiyo ndiyo kazi yote, Leticia. Mengine ni kuhesabu mashuka.

Kanuni yangu mwenyewe niliyoiongeza ni ile ya abee. Msichana nikimwita sitaki "yes", sitaki "niambie", sitaki "nipo hapa matroni, vipi". Mwanamke akiitwa anasema abee. Wale wa kutoka Dar walicheka mpaka wakashika mbavu. Walidhani ni ukali wa ushamba. Haukuwa ushamba. Nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa nyumbani kwetu.

Mama wa bibi yangu nilimkuta yu hai, kipofu, mkavu, mimi nikiwa mdogo sana. Tulimwita Bibi Faida. Alifika Tabora akiwa mtoto, kwa miguu, kutoka Manyema huko Kongo, nyuma ya watu waliobeba pembe. Njia waliyopita ni ile ile mnayopita ninyi mkitoka chuoni Ipuli kwenda sokoni, ila ninyi mnapita na simu masikioni. Waliomnunua ndio waliomwita Faida. Fikiria mwenyewe, kumwita mtoto jina kama hilo. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Bibi yangu alisema mzee alilisahau. Mama yangu alisema hakulisahau hata kidogo, alilificha ili watu wale wasilitumie. Nami ninachokumbuka ni hiki: adhuhuri, jua la utosi, mtaa mzima kimya, Bibi Faida yuko uani anachambua mboga kwa vidole, na hakuna mtu aliyefungua mdomo. Mara anainua uso na kuitika, "Abee!" Kwa sauti ya mtoto, wallahi, sauti nyembamba ya mtoto mdogo, kutoka kwenye kifua kile cha mzee. Kisha anageuza shingo kuelekea upande wa njia na kungoja. Sisi watoto tulikuwa tunatimua mbio. Hakuna aliyewahi kumuuliza aliitwa na nani. Mpaka leo nikikumbuka nasikitika kwamba hakuna aliyekaa naye kumngojea huyo mtu.

Basi, nikaanza kazi. Miaka ya mwanzo nilijifunza watu. Nilikuwa nadhani Wakatoliki ni kitu kimoja. Loo! Walikuwepo Wahaya wasioelewana na Waha juu ya ndizi, Wasukuma, Wanyamwezi, Wafipa, Wachaga waliolia wiki nzima kwa sababu ya joto. Walikuwepo Wamoravian, na mmoja wao alikuja na tarumbeta. Alikuwa anafanya mazoezi bafuni, na Sista mwenyewe alipokwenda kumfokea alirudi anaimba ule wimbo. Walikuwepo Waislamu, wachache, waliokuja kwangu kwa kunong'ona kuuliza kama wataruhusiwa kufunga. Sista akasema ruksa, na mwezi ule uji wa futari ukapikwa jiko lile lile la chuo, na Wakatoliki wakawa wanapanga foleni ya uji kabla ya waliofunga. Niliona wasichana wakiingia kwenye geti lile wamejikunja, hata shikamoo yao haisikiki, na wakatoka wamenyooka. Hilo ndilo lililonifanya nisiiache kazi ile, maana kulikuwa na siku nilitaka kuiacha kabla ya saa ya chai.

Sasa nifike kwa Kulwa.

Alikuja kutoka Ziba, Msukuma, mrefu, na gunia dogo la michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa. Nilikuwa mlangoni napokea wageni. Akanipa shikamoo, nikamjibu marahaba, nikamuuliza jina. Akasema Kulwa. Sasa hapa kwetu, Leticia, wewe ni Msukuma unajua, mtu akikwambia yeye ni Kulwa huwezi kunyamaza. Kulwa ni pacha aliyetangulia kutoka, na wa pili lazima ni Doto. Kwa hiyo mdomo wangu wenyewe ukauliza, kama ambavyo mtu yeyote wa Tabora angeuliza:

"Na Doto yuko wapi?"

Akanitazama. Akasema, "Yupo."

"Yupo nyumbani?"

"Yupo tu, mama."

Nikampa funguo. Nilifikiri ni aibu ya ugeni.

Jumamosi yake ya kwanza nikaita majina. Nilipofika kwake nikaita, "Kulwa!" Nikasikia "Abee!" safi kabisa, ya haraka, sauti ya msichana mchangamfu. Nikatazama mdomo wake kama nilivyofundishwa. Mdomo ulikuwa umefungwa. Alikuwa anatazama chini, anatafuna mdomo wa chini. Halafu akainua macho, akafungua kinywa, akasema, "Abee."

Sauti ile ile, ila nzito na iliyochelewa.

Nikasema moyoni ni tangi la maji. Lile tangi kubwa nyuma ya hosteli likiwa tupu hurudisha sauti, mnalijua. Ila mwangwi, jamani, huja baada ya mtu kusema. Haumtangulii. Jumamosi iliyofuata nikamwagiza mlinzi alijaze tangi mpaka juu. Nikaita. Abee mbili, kama kawaida. Wasichana wengine hawakusikia, au walisikia wakadhani ni wenzao wanatania. Mimi nilisikia kila wiki, na kila wiki ngozi ya mikono ilinisisimka kwenye jua lile kali.

Mwenzake chumbani alikuwa Jesca, mtoto wa Dar, mdomo haupumziki. Alinifuata kwenye kamba za nguo akiwa na beseni kichwani.

"Matroni shikamoo. Mi naomba kuhama chumba."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Hakuna ugomvi, matroni, Kulwa ni mtu poa sana, ananifundisha hesabu. Ila mi nilipangiwa kukaa na mtu mmoja. Mle ndani tuko watatu."

Nikaenda kuona. Walikuwa wanalala deka, kile kitanda cha juu na chini, Jesca juu na Kulwa chini. Kitanda cha Kulwa kilikuwa na mito miwili, na shuka limekunjwa upande mmoja tu, upande wa pili umeachwa wazi. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kimenywewa. Na michembe ilikuwa imegawanywa mafungu mawili sawasawa, kama ambavyo mama wa mapacha hugawa ili asimkasirishe mmoja. Fungu moja lilikuwa na vumbi.

"Anaongea naye," Jesca alisema. "Sijali, kila mtu na stresi zake. Ila juzi mchana niko peke yangu nimejilaza juu, nikaita tu, 'Kulwa, nipitishie chaja,' nimesahau kama yuko darasani. Ikaitika huko chini. Abee. Matroni, mi nimekaa juu ya kile kitanda mpaka Kulwa aliporudi, na kushuka sikushuka."

Sikumhamisha. Nilimwambia ukweli: nikimhamisha yeye, nitamweka nani? Akafikiri, akasema, "Basi acha nibaki, masikini, asije akabaki peke yake na yule." Mnaona? Msichana aliyekuja na vipodozi begi zima, na moyo ule ulikuwa umo humo humo.

Miaka ikaenda. Kulwa alikuwa mwanafunzi mzuri wa ualimu, na alipokwenda mazoezi ya kufundisha, watoto walimlilia alipoondoka. Lakini kadiri mahafali yalivyokaribia ndivyo alivyokonda. Alikuwa anaacha nusu ya chakula kama zamani, kisha akaanza kuacha chote. Jumamosi abee ya kwanza ilizidi kuchangamka, ile ya pili ikawa inafifia. Ikafika Jumamosi moja nikaita, ikaja ya kwanza, nikangoja, nikamtazama. Midomo yake ilitikisika, sauti haikutoka.

Niliogopa siku hiyo kuliko siku zote. Hakika niliogopa.

Wenzake walipokwenda kula nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye benchi la kufulia, chini ya lile paa la bati. Jua lilikuwa utosini, hakuna mtu, hata kunguru wamenyamaza. Nikamuuliza kama nilivyomuuliza siku ya kwanza, "Mwanangu, Doto yuko wapi?"

Akaanza kulia. Akasema, "Ni mimi, mama. Doto ni mimi."

Alinieleza kwa utaratibu kama anayefundisha. Kulwa alifaulu darasa la saba, akachaguliwa sekondari ya bweni. Yeye Doto hakufaulu. Kabla shule hazijafunguliwa, baba yao alihamisha ng'ombe kutafuta malisho, wakafuatana wote, na njiani Kulwa akashikwa na homa. Hospitali ilikuwa mbali. Akafa pale pale porini, kwenye njia ile ya zamani ya misafara ya pembe. Walimzika kando ya njia. Na mzee, mkono bado una udongo, akamtazama huyu aliyebaki akasema, "Kulwa hawezi kufa. Kulwa amefaulu." Akakataza watu kulia. Waliporudi Ziba, mama alitangaza kwamba aliyefariki ni Doto. Walikuwa wamefanana mno, nani angebisha?

"Nilikaa kwenye matanga yangu mwenyewe, mama," aliniambia. "Majirani walinipa pole kwa kifo changu. Nikala wali wa msiba wangu. Kisha nikaenda shule na jina lake, na jina lake la ubatizo, na kila siku mwalimu anaita Kulwa, Kulwa. Yeye anaitika. Kwa nini asiitike? Anaitwa. Hakuna aliyemwambia kwamba amekufa."

"Anakudhuru?"

"Hapana. Ananipenda. Ila siku ya mahafali wataliita jina lake mbele za watu wote, na yeye atapanda jukwaani kupokea kilicho chake. Mimi nitabaki wapi? Nimeshazikwa mimi. Sina hata pa kurudi." Akajifuta uso kwa kanga yangu. "Nataka nitoroke kabla ya siku hiyo, mama. Shahada wampe yeye."

Nilimfikiria Bibi Faida. Nilimwona kabisa, shingo imegeukia njiani. Nikamwambia huyu binti, "Hutoroki. Umenisikia? Mitihani ya sekondari nani aliifanya?"

"Mimi."

"Na ya hapa?"

"Mimi."

"Basi acha ujinga."

Ndivyo ninavyobembeleza mimi, mnanijua.

Tulikwenda kwa Sista Konsolata pamoja. Sista alisikiliza mpaka mwisho huku anazungusha ufunguo mmoja kidoleni. Kisha akasema, "Mimi sikuzaliwa Konsolata. Nilizaliwa Nyamizi. Siku ya nadhiri nililiacha jina hilo mlangoni, kwa mikono yangu, na nikitaka kuliona nalijua lilipo. Wewe hukuacha, ulivuliwa." Akamwambia wazi kwamba akilisema jambo hili kwa wakubwa wa chuo, anaweza kukosa mahafali, anaweza kukosa na shahada yenyewe, na yeye Sista hana la kumhakikishia. Akamwambia pia kwamba hakuna atakayemsemea. Akitaka, atasema mwenyewe. Asipotaka, sisi wawili, yeye Mkatoliki na mimi Mwislamu, tutakwenda kaburini na siri.

Binti akanigeukia mimi.

"Mama matroni, Jumamosi uniite. Jina langu, mbele za watu. Nione kama nitaweza kuitika."

Jumamosi ikafika. Nikapiga reli, wakatoka. Nikaita majina kama kawaida, na nilipofika pale, ulimi ukawa mzito kama mtu anayelitaja jina la marehemu. Nikaita, "Doto!"

Wasichana wakatazamana. Doto nani? Jesca akaweka mkono mdomoni. Nikangoja abee ile ya haraka, ile ya mchangamfu. Haikuja. Pale uwanjani kulikuwa kimya hata bati nilisikia linavyopanuka kwa joto. Kisha ikatoka, ya kukwaruza, ya mtu ambaye hajalitumia koo lake tangu utoto.

"Abee."

Nilisikia, kisha nikatazama. Ilitoka mdomoni mwake. Na nyuma yake, kwenye korido tupu, mlango wa chumba chao ukajifunga taratibu, bila upepo, kama mtu anayeondoka bila kutaka kusumbua wenzake.

Jumatatu alikwenda kwa wakubwa peke yake. Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Uamuzi ukawa kwamba mahafali yatampita, jina litaondolewa, na shahada itasimama mpaka akamilishe kiapo cha jina na wao wajiridhishe. Alirudi ngazini, akaniambia ana njaa. Akala ugali sahani nzima. Sijawahi kufurahia mtu kula kiasi kile.

Baba yake hakuambiwa. Alisema atamwambia kwa mdomo wake mwenyewe, siku hiyo hiyo ya mahafali, na si kwa simu. Basi mzee akaja, Mzee Masanja, koti zito kwenye joto la Tabora, na jogoo kwenye kikapu, zawadi yangu. Tukakaa chini ya turubai la wageni, yeye, binti yake na mimi. Wahitimu walikuwa mbele kwenye majoho. Jesca naye humo mbele alikuwa amemshikia mwenzake kiti kando yake, amekiacha wazi, na aliyetaka kukalia alifukuzwa. Mzee akamtazama binti yake aliyekaa kwenye turubai na gauni la kawaida. Akainama akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Kulwa, mbona hujakaa na wenzako?"

"Abee!"

Ilitoka mbele. Kwenye kile kiti kitupu. Jesca aliruka akasimama, joho likamnasa mguuni. Watu wachache waligeuka, wakadhani ni mtoto. Lakini mzee hakudhani. Aliinuka na fimbo yake, uso umemgeuka rangi, hamtazami binti aliye ubavuni kwake, anatazama kile kiti.

"Umesikia?" akasema. "Ameitika. Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Namsikia miaka yote. Anaitika kwa sababu mnamwita."

"Mwanangu yuko pale."

"Mwanao mmoja alikufa, baba. Mimi niko hapa. Hebu mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba amekufa. Hakuna aliyemwambia."

Mzee alisimama pale. Nilidhani ataondoka, au atampiga. Kisha akasema Kisukuma, maneno machache, si kwa sauti kubwa, kama mtu anavyomwita mtoto aache kuchunga arudi nyumbani maana jua limekwisha. Jina la Kulwa lilikuwemo. Tukangoja sote watatu, na Jesca mbele kule ameshika moyo. Kiti kilikaa kimya. Mzee akaita tena, "Kulwa." Kimya.

Ndipo akageuka. Alimtazama huyu binti kama anayemwona baada ya safari ndefu, na mdomo wake ulihangaika sana kabla jina halijatoka.

"Doto," akasema.

"Abee, baba."

Wakalia. Wallahi walilia, mzee amekaa chini kwenye nyasi na koti lake, binti amemkumbatia kichwa, kilio cha msiba kabisa, kilio kilichozuiwa kule porini kando ya njia. Nikavua kanga yangu ya juu nikaitandika tukakaa, na ikawa matanga ya Kulwa, pale pale katikati ya vigelegele na mashada ya maua. Watu walitabasamu wakadhani ni furaha. Mpiga picha mmoja alikuja akatupiga picha na kutaka kutuuzia. Jogoo alitoroka.

Shahada aliipata, baadaye sana, kwa jina lake. Ile safari ya ofisi kwa ofisi sitaieleza, nitapandwa na hasira bure. Walikwenda na baba yake wakalitafuta kaburi, wakaweka jiwe lenye jina linalostahili. Sasa ni mwalimu wa sekondari, na akija kunisalimia huniambia anaita wanafunzi wake bila karatasi. Nami tangu mahafali yale sikusikia tena abee mbili pale kibarazani, mpaka siku niliyokabidhi funguo kwako.

Sasa swali lako, Leticia.

Nimeanza kusikia mwaka huu, tangu nilipokaa nyumbani. Ni adhuhuri tu, mtaa ukinyamaza. Ni sauti ya mwanamke, kutoka upande wa njia. Haisemi Zuhura. Jina inaloliita silijui na siwezi kulirudia, nikijaribu linanitoka mdomoni. Lakini ninajua ni la nani. Mama yake anamtafuta. Anaita mtoto wake aliyepotea, na Bibi Faida alikuwa akimwitikia, kisha akafa. Bibi yangu amekufa, na mama yangu amekufa. Huyu mwanamke wa njiani naye hakuna aliyemwambia, na mimi siwezi kumwambia, kwa sababu jina la kumtajia sinalo. Nisipoitika mimi, ataita bure. Basi naitika. Na kila nikiitika, nitasema kweli, najikuta mzito zaidi kuinuka kutoka kwenye kiti, na abee yangu mwenyewe inafifia kama ilivyofifia ya Doto.

Kwa hiyo ukija tena kuchukua kitenge chako, ukanikuta nimegeuza shingo, usikimbie kama tulivyokimbia sisi. Sikia, kisha nitazame mdomo. Halafu uniite jina langu, kwa sauti, kama nilivyokufundisha pale kibarazani, "Zuhura!" Wala usinionee haya kwa sababu mimi ni mkubwa kwako. Uniite mpaka uisikie abee ya pili.